Papa wa Feri aliyekutwa na watoto tumboni: je, papa wote huzaa, au wapo wanaotaga?

Mwalimu_Mbagala

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia wa shule ya sekondari hapa Dar es Salaam. Hivi karibuni niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu katika soko la samaki la Feri, kwa sababu naamini uainishaji wa viumbe hueleweka vizuri zaidi mbele ya meza ya samaki kuliko mbele ya ubao. Tulipofika upande wanakopasuliwa samaki wakubwa, tulimkuta mchuuzi akimpasua papa jike ambaye urefu wake ulikaribia kimo cha mtu mzima. Ndani yake walikuwamo watoto waliokwisha kukamilika, wenye macho, meno na mapezi, na kila mmoja alikuwa ameunganishwa na mama yake kwa uzi mwembamba uliotokea kifuani, baina ya mapezi mawili ya mbele.

Wanafunzi waligawanyika papo hapo. Wako waliosema kwamba kiumbe anayebeba watoto kwa kitovu hawezi kuwa samaki, na kwamba papa apangwe pamoja na pomboo na nyangumi. Wengine walishikilia kuwa ana matamvua, kwa hiyo ni samaki, na kwamba ule uzi ulikuwa kipande cha utumbo tu. Niliwaambia kuwa papa ni samaki, na juu ya hilo sina shaka. Lakini walipouliza ule uzi una kazi gani, na kama papa wote huzaa kwa namna ile, niliona kwamba wanastahili jibu lililokamilika kuliko lile la kitabu tunachotumia, ambacho husema kwa sentensi moja kwamba samaki hutaga mayai majini na dume huyarutubisha nje ya mwili.

Naomba mwenye ujuzi wa viumbe wa baharini anisaidie, na ikiwezekana mifano iwe ya papa wanaopatikana katika bahari yetu, ili niwarudishie wanafunzi jambo wanaloweza kulihakikisha kwa macho yao.

MtafitiKunduchi

Mwalimu, salaam, na nakupongeza kwa kuwapeleka vijana Feri.

Kile kitabu kinasema kweli kuhusu samaki wengi wenye mifupa, kama changu, jodari na dagaa. Papa wako katika kundi jingine, la samaki ambao kiunzi chao ni gegedu badala ya mfupa, pamoja na taa na jamaa zao wachache wa bahari ya kina kirefu. Aina za papa zinazotambuliwa leo duniani zimepita 500, na hakuna hata moja ambayo urutubishaji wake hufanyika nje ya mwili. Dume ana viungo viwili virefu kwenye mapezi ya tumboni, ambavyo ni sehemu ya mapezi hayo iliyokunjamana na kuwa kama mfereji, na hutumia kimojawapo kuingiza mbegu ndani ya jike. Baada ya hapo ndipo njia zinapoachana, na katika kundi zima la wanyama wenye uti wa mgongo ni nadra kukuta jamaa wa karibu namna hii wakizaliana kwa njia nyingi kiasi hiki.

Nianze na ule uzi. Haukuwa utumbo, na vijana waliouita kitovu walikuwa sahihi. Kiinitete cha papa huanza maisha kikiwa na kifuko cha kiini cha yai, kilichounganishwa na tumbo lake kwa mrija, na kwa majuma ya mwanzo hujilisha kutokana na akiba hiyo. Katika aina nyingi akiba inapokwisha kifuko hunywea na kazi yake huishia hapo. Lakini katika baadhi ya familia kile kifuko kilichobaki kitupu hujishikiza kwenye ukuta wa tumbo la uzazi, mishipa ya damu ya mtoto ikakaribiana na ya mama, na kikageuka kuwa kondo la nyuma. Ule mrija nao huwa kiungamwana, ukipitisha chakula na oksijeni mpaka siku ya kuzaliwa. Aristotle aliandika habari hii zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, baada ya kuchunguza papa wadogo wa bahari ya Mediterania, na kwa karne nyingi wasomi wengi hawakumsadiki, hadi Mjerumani Johannes Müller alipochapisha uchunguzi wake mwaka 1842 na kuonyesha kwamba maelezo yale ya kale yalikuwa ya kweli.

Kondo la namna hii hupatikana katika oda moja tu ya papa, yaani kundi moja la familia zenye uhusiano, iitwayo Carcharhiniformes, hasa katika familia ya Carcharhinidae, ambamo wamo wengi wa papa wa kijivu wanaoletwa Feri, na katika familia ya papa wenye kichwa cha nyundo. Kwa hiyo yule jike mliyemwona karibu bila shaka alikuwa wa mojawapo ya familia hizo. Hilo halimfanyi kuwa jamaa wa pomboo. Pomboo anapumua kwa mapafu, ana damu ya moto na ananyonyesha. Papa anatoa oksijeni katika maji kwa matamvua na hana maziwa. Kondo la papa na kondo la mamalia ni mambo mawili yaliyotokea mbali na kwa nyakati tofauti, na ningependa vijana walione hilo kwa uzito wake, kwamba maumbile yamelifikia suluhisho lilelile kwa njia mbili zisizohusiana.

Sasa wale wanaotaga. Katika maji yetu yupo papa mpole mwenye mkia mrefu sana, karibu nusu ya mwili wake, na ngozi ya manjano yenye madoa. Jina lake la kisayansi ni Stegostoma tigrinum. Jike hutaga mayai makubwa yaliyofungwa katika kifuko kigumu cha rangi ya kahawia chenye vishungi vya nyuzi, na nyuzi hizo hunasa kwenye matumbawe au mimea ya baharini ili yai lisichukuliwe na mkondo. Mtoto hukaa humo kwa miezi kadhaa akila kiini chake. Kule Australia yupo papa ambaye kifuko cha yai lake kina umbo la parafujo, na jike huonekana akikichukua kwa mdomo na kukibana katika ufa wa mwamba.

Baina ya wenye kondo na wanaotaga wako wanaobeba mayai ndani ya mwili mpaka yakaanguliwa humo humo, kisha wakazaa watoto walio hai bila ya kondo lolote. Potwe, yule papa mkubwa wa Mafia ambaye ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, yuko katika kundi hili. Tulilijua kwa hakika kutokana na jike mmoja aliyevuliwa Taiwan mwaka 1995, ambaye ndani yake walikutwa watoto wapatao 300 wa umri mbalimbali, wengine wakiwa bado ndani ya vifuko vya mayai na wengine wakiwa tayari kuzaliwa. Hiyo ndiyo idadi kubwa kuliko zote zilizowahi kuhesabiwa kwa papa yeyote.

Mfano mgumu kuupokea kuliko yote ni wa papa aitwaye Carcharias taurus, anayejulikana sana katika pwani ya Afrika Kusini. Jike ana matumbo mawili ya uzazi, kama papa wengine wengi. Katika kila tumbo mtoto anayetangulia kuanguliwa na kukua huwala ndugu zake wote, mmoja baada ya mwingine, kisha huendelea kula mayai ambayo hayakurutubishwa na ambayo mama huendelea kuyatoa kwa ajili yake. Mwisho huzaliwa watoto wawili tu, kila mmoja akiwa na urefu wa karibu meta moja na tayari anajua kuwinda.

BiMwanaidi_Kigamboni

Nimesoma maelezo ya mtafiti kwa makini, nami ninashukuru, kwa sababu nimeuza papa mkavu kwa muda mrefu na hawa watoto wa tumboni tunawaona mara kwa mara, ila hakuna aliyewahi kutueleza habari zao namna hii.

Ninaomba kuongeza swali ambalo wateja wangu huniuliza. Papa akichelewa kutiwa chumvi hutoa harufu kali inayopanda puani na kuwasha macho, tofauti kabisa na harufu ya changu au nguru aliyeharibika. Sisi huwahi kumpasua, kumtoa damu na matumbo, kisha kumpaka chumvi na kumwanika juani. Na kabla ya kupika mchuzi wa papa huroweka vipande na kubadilisha maji, kisha ndimu na tui hufanya kazi yake. Harufu hiyo inatoka wapi, na je, ina uhusiano wowote na huku kubeba mimba? Wako wanaosema kwamba papa mwenye mimba ndiye anayenuka zaidi.

MtafitiKunduchi

Bi Mwanaidi, namna unayomtayarisha papa ndiyo hasa inayotakiwa, na sababu yake iko katika damu ya papa mwenyewe, awe jike au dume, mwenye mimba au asiye nayo.

Maji ya bahari yana chumvi nyingi kuliko damu ya samaki wa kawaida, na kwa hiyo huunyonya mwili wake maji. Changu hufidia hasara hiyo kwa kunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia matamvua. Papa amechukua njia nyingine. Anahifadhi yurea katika damu na nyama yake, ileile ambayo sisi huitoa kwenye mkojo, kwa kiwango ambacho kingemdhuru mnyama mwingine, hata uzito wa vitu vilivyoyeyuka katika damu yake ukalingana na wa bahari au kuzidi kidogo. Na kemikali nyingine iliyomo mwilini huzilinda protini zake zisiharibiwe na yurea hiyo. Chumvi inayozidi hutolewa na tezi iliyo karibu na mwisho wa utumbo. Papa akishakufa, bakteria huivunja yurea na kuifanya amonia, na hiyo ndiyo inayowasha macho. Damu ikitolewa mapema, na nyama ikitiwa chumvi au kurowekwa, yurea hupungua kabla bakteria hawajaifikia.

Hata hivyo kuna mahali ambapo habari ya yurea na habari ya uzazi hukutana. Papa aitwaye Carcharhinus leucas, ambaye Kusini mwa Afrika hujulikana kwa jina la mto Zambezi, anaweza kupunguza yurea katika damu yake na kuishi katika maji matamu. Amekutwa mbali sana ndani ya mto huo, na katika Ziwa Nicaragua huko Amerika ya Kati. Majike wake huenda kuzaa karibu na midomo ya mito, na watoto hubaki katika maji hayo ya mchanganyiko kwa miaka yao ya mwanzo, ambako papa wakubwa wanaoweza kuwala ni wachache.

Neno moja kwa wateja wako ambao ni wajawazito. Papa mkubwa huishi miaka mingi na kula samaki wengine, na zebaki iliyomo katika samaki hao hujikusanya mwilini mwake. Mamlaka za Marekani zinazosimamia chakula zimemweka papa katika orodha ya samaki ambao wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wanashauriwa wasile kabisa. Ushauri huo unastahili kufika Feri na Kigamboni pia.

NahodhaMstaafu

Salaam zenu nyote. Mimi nilivua kwa jarife, ule wavu mkubwa, kuanzia Kunduchi hadi upande wa Mafia nilipokuwa na nguvu, na maini ya papa tuliyachemsha kupata sifa, yaani mafuta ya ini, ya kupaka majahazi, maana mbao zilizopakwa sifa zilikuwa zikidumu.

Linalonishughulisha ni papa upanga. Tulimpata zamani, ingawa si mara nyingi, na msumeno wake, ile pua ndefu yenye meno, ulikuwa ukiwekwa ukutani. Ikiwa naye huzaa watoto hai, wanatokaje bila kumchana mama yao kwa ile misumeno? Na hali kadhalika yule mwenye kichwa cha nyundo, anazaliwaje na kichwa kilichotanda vile?

MtafitiKunduchi

Shikamoo, Nahodha. Umeuliza swali ambalo ningependa kila darasa liulize.

Papa upanga huzaa watoto hai, na watoto hao huzaliwa wakiwa na msumeno uliokwisha kuota meno. Lakini meno yote hufunikwa na ala laini ya ute mzito, kama upanga uliomo katika ala yake, na mama hapati jeraha. Muda mfupi baada ya kuzaliwa ala hiyo hubanduka na kuyeyuka. Kwa upande wa mwenye kichwa cha nyundo, gegedu la mtoto bado ni laini, na zile mbawa mbili za kichwa huwa zimekunjwa kuelekea nyuma, hivyo hutoka kwa urahisi na hunyooka baadaye.

Kuna jambo ambalo huenda Mwalimu akalipenda kwa somo lake la uainishaji. Mgeuze papa upanga chali, utaona kwamba nyufa zake za matamvua ziko chini ya mwili, kama za taa, wala si ubavuni. Kwa ushahidi huo, na kwa mengine mengi ya ndani, wanasayansi humweka pamoja na taa. Kisha wapo papa wa kweli wenye msumeno, ambao ni wadogo, matamvua yao yako ubavuni, na katikati ya msumeno zinaning'inia ndevu mbili ndefu wanazotumia kupapasa mchanga. Mwaka 2020 watafiti walieleza kwa mara ya kwanza aina mbili mpya za papa hao kutoka magharibi mwa Bahari ya Hindi, na mojawapo, Pliotrema annae, ilitokana na vielelezo vilivyopatikana Zanzibar. Ana nyufa sita za matamvua kila upande, ilhali papa walio wengi wana tano. Ninakitaja hiki kwa furaha ya dhati, kwani ni kiumbe aliyekuwa jirani yetu miaka yote hiyo bila kuwa na jina katika vitabu. Watoto wa papa wa jamii hiyo nao huzaliwa salama, kwa kuwa meno ya msumeno wao hulala yamebanwa kwenye kingo zake mpaka wanapokwisha kutoka.

Kuhusu sifa, ini la papa ni kubwa kwa sababu papa hana kibofu cha hewa cha kumsaidia kuelea kama alichonacho changu. Mafuta ni mepesi kuliko maji, na katika baadhi ya aina ini hufikia robo ya uzito wa mwili. Jike mwenye mimba hutumia akiba hiyohiyo kuwalisha watoto.

Msomi_wa_Uvuvi

Naomba niingie hapa, kwa sababu habari hii ya uzazi ndiyo inayoeleza kwa nini Nahodha anamzungumzia papa upanga kama kiumbe wa zamani.

Jodari mmoja jike hutoa mayai kwa mamilioni katika msimu mmoja. Papa wadogo wa miamba wenye ncha nyeusi za mapezi, ambao tunao katika matumbawe yetu, huzaa watoto wawili hadi wanne tu kwa mimba moja, na Carcharhinus leucas huzaa kuanzia mmoja hadi kumi na watatu baada ya kubeba mimba kwa karibu mwaka mzima. Zaidi ya hayo, papa huchelewa kupevuka. Papa wa Greenland, anayeishi katika maji ya baridi kali ya kaskazini, alipimwa kwa kaboni iliyomo katika lenzi ya jicho, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba jike hupevuka akiwa na umri wa miaka 150 hivi, na kwamba mkubwa kuliko wote waliopimwa alikuwa ameishi si chini ya miaka 272. Huyo ni wa kupita kiasi, lakini hata papa wa bahari yetu wengi huhitaji miaka mingi kabla ya mimba ya kwanza. Jarife halichagui: jike mwenye mimba akinaswa, hupotea yeye na kizazi chake chote cha mwaka huo.

Matokeo yake yamepimwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulikadiria kwamba wingi wa papa na taa wa bahari kuu umeshuka kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970, sababu kubwa ikiwa ni uvuvi uliozidi. Zaidi ya theluthi moja ya aina zote za papa, taa na jamaa zao zinahesabiwa kuwa katika hatari ya kutoweka. Papa upanga mkubwa wa maji yetu, Pristis pristis, yuko katika daraja la hatari ya mwisho kabisa, na biashara ya kimataifa ya jamii yake ya papa upanga imezuiwa tangu mwaka 2007 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Aina tatu za papa wakubwa wenye kichwa cha nyundo ziliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba huo mwaka 2013, na mwaka 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, iliingizwa familia nzima ya Carcharhinidae, yaani familia ambayo huenda ndiyo ya yule jike wa Feri. Orodha ya pili haikatazi kula papa wala kumuuza sokoni hapa nyumbani. Inadhibiti usafirishaji kwenda nchi nyingine, mapezi yakiwamo.

Sisemi haya kumlaumu mvuvi au Bi Mwanaidi. Papa mkavu amekuwa kitoweo cha pwani hii kwa vizazi vingi, na mapezi yanayotafutwa na masoko ya mbali ndiyo yaliyobadilisha kiwango cha uvuvi duniani.

Mwalimu_Mbagala

Nimepata zaidi ya nilichokitafuta, na ninawashukuru wote. Nina maswali mawili ya mwisho. Mwanafunzi mmoja amesoma mahali kwamba papa jike anaweza kuzaa bila ya dume kabisa. Je, ni kweli? Na pili, nikiwarudisha vijana sokoni, wanaweza kutambua nini kuhusu uzazi wa papa kwa kumtazama tu, bila kumwomba mchuuzi apasue samaki wake?

MtafitiKunduchi

Ni kweli, Mwalimu, ingawa hutokea kwa nadra. Mwaka 2001, katika bustani ya wanyama ya Omaha, Marekani, alizaliwa mtoto wa papa mdogo wa jamii ya kichwa cha nyundo katika tangi ambalo halikuwa na dume. Kwa muda ilidhaniwa kwamba mama alikuwa amehifadhi mbegu za dume aliyekutana naye zamani baharini, jambo ambalo papa wanaliweza kweli, lakini vipimo vya vinasaba vilivyochapishwa mwaka 2007 vilionyesha kwamba mtoto hakuwa na chochote kilichotoka kwa baba. Baadaye ilibainika pia kwa yule Stegostoma mwenye madoa, katika hifadhi ya samaki ya Townsville, Australia, jike ambaye hapo kabla alikuwa amezaa na dume kwa njia ya kawaida, kisha baada ya kutenganishwa naye akataga mayai yaliyoanguliwa. Na mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba walikuwa wamepata papa upanga kadhaa waliozaliwa kwa namna hiyo katika maji ya asili ya Florida.

Kuhusu sokoni, anzeni na mapezi ya tumboni. Dume ana vile viungo viwili vya mfereji, na kwa dume mchanga huwa vifupi na laini, ilhali kwa aliyepevuka ni virefu na vigumu, hivyo mwanafunzi anaweza kukadiria kama papa huyo alikuwa amefikia umri wa kuzaa. Jike hana viungo hivyo, na mara nyingine mgongoni, ubavuni au kwenye mapezi yake huonekana alama za meno, kwa sababu dume humng'ata ili kumshika wakati wa kujamiiana. Ngozi ya majike wa papa wa buluu ni nene kuliko ya madume, nadhani mtaelewa kwa nini.

Kisha watafute papa wadogo, wale wanaouzwa kwa mafungu. Wawageuze chali na watazame kifuani, baina ya mapezi mawili ya mbele, palepale ulipoona uzi ukitokea. Wakikuta tundu dogo lililo wazi, au kovu lenye umbo la mstari ambalo bado halijafunga sawasawa, basi hicho ni kitovu, na papa huyo alizaliwa majuma machache tu yaliyopita. Wakikuta kovu limefunga na kubaki alama hafifu, ana miezi kadhaa. Waandike tarehe, urefu, hali ya kovu, na wamuulize mchuuzi samaki alivuliwa upande gani, ikiwa yuko tayari kusema. Wakifanya hivyo kila muhula watajua papa hao huzaliwa miezi gani na karibu na pwani ipi, na mimi nitafurahi kuyaona madaftari yao.